Pumzi ya Akiba

Istahil aliegemea ubavu wa basi la Nairobi, kiganja kifuani, pumzi ikipiga filimbi. Jerikani lake la maziwa ya ngamia lilikwisha kupakiwa. Alikuwa amelibeba mbio kutoka kwenye pikapu iliyoyaleta kutoka Merti, kama kila asubuhi, maana maziwa hayamngoji mtu.

"Asalaam aleikum, mama," alisema Mohamedamin, kondakta.

Istahil aliinua mkono tu. Ilikuwa hivyo kwa miaka minne. Kondakta alipokwenda zake, ndipo alipotoa pampu yake ya pumu kwenye pindo la shuka, akavuta.

"Umengoja ubanwe tena," nesi Kananu alimwambia adhuhuri ile kliniki. "Mama, ukikimbia njia za hewa zinajikaza. Vuta mara mbili, kaa robo saa, ndipo ukimbie."

"Na kama sijabanwa?"

"Hata kama hujabanwa."

Kwao Sericho, mtoto aliyekunywa maji kabla ya kiu alichekwa mpaka akaota ndevu. Maji ya safari yalikuwa ya yule atakayeanguka. Naye pampu aliitunza vivyo hivyo, hadi macho yaingie giza. Alichoka na giza hilo. Juma lililopita giza lilimwangusha, maziwa yakamwagika, na wanawake wa Merti wenye maziwa wakamtumia salamu: yakimwagika tena, watatafuta mbebaji mwingine. Kazi nyingine hakuwa nayo, wala nguvu ya kuitafuta.

Kesho yake alikaa stendi, akaangaza huku na huku kama mwizi, akavuta mara mbili. Aliona haya, haya ya kweli, utadhani marehemu mama yake amesimama pale na kibuyu, akimtazama. Alingoja. Pikapu ikapiga honi, akajitwika jerikani mgongoni, akakimbia.

Magoti yaliuma, kiuno kiliuma. Uzee hauna pampu. Lakini alifika kwenye basi akiwa wima.

"Asalaam aleikum, mama," alisema Mohamedamin, tayari akigeuka kwenda zake, kwa mazoea.

"Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh," Istahil alimjibu, neno baada ya neno. "Mama yako hajambo? Nyumbani wazima?"

Kondakta alisimama. Alilipokea jerikani kwa mikono miwili, asiliweke chini.

"Miaka yote hii, mama," alisema, "mimi nilidhani nimekukosea."