Nguzo ya Sebuleni

Nyumba alimoishi Falonne, mtaa wa Bellevue, ilijengwa zamani na Mwingereza aliyekikumbuka mno kijiji chake: paa la mteremko mkali, dohani ndefu, kuta nyeupe zilizokatizwa na mbao nyeusi. Sasa kila chumba kilikuwa na familia yake, na sebuleni ndugu wa Kikongo walisali kila Jumapili. Katikati ya sebule hiyo ilisimama nguzo nyeusi, na kwaya, iliyozibwa nayo, ilikuwa imeichoka.

Jumamosi Falonne alikuwa uani akianika nepi, mwanawe Cédric amelala chumbani juu, aliposikia msumeno. Kisha kishindo. Kisha nyumba nzima ikaguna.

Alipoingia mbio, nguzo ilikuwa sakafuni. Gaston, kiongozi wa kwaya, alikuwa akijifuta jasho.

"Mama Cédric, kesho mtatuona wote! Hata mimi mfupi."

"Nani kakwambia uikate?"

"Si pambo tu? Kule Sandton ninakolinda, mbao kama hizi zimepigwa misumari ukutani, basi."

"Za huko ndiyo. Hii ilibeba nyumba!"

Katika darasa lake la jioni la michoro ya majengo Falonne alikuwa amejifunza: nyumba za vijiji vile vya Kiingereza, mbao ndiyo mifupa. Ukuta ni wa kuziba upepo.

Juu, Cédric akaanza kulia.

Falonne alipanda ngazi akasukuma mlango wa chumba. Haukutikisika. Fremu ilikuwa imepinda, imeubana. Gaston akafika nyuma yake, bega mbele.

"Sogea, niuvunje."

"Thubutu! Sasa mlango huu ndio umeshika dari. Ukiuvunja, vyote vinamwangukia mtoto."

Gaston akarudi nyuma taratibu. "Eish, Mama Cédric. Tufanyeje?"

"Jeki ya gari la pasta. Ipandishe juu ya mabenchi, uinue boriti pale nguzo ilipokuwa. Polepole!"

Falonne alibaki pale, kiganja kwenye mlango. "Mama yuko hapa, baba. Mama yuko hapa." Chini jeki ililia kwa vipindi. Vumbi likamwagika. Ndani, kilio kikakatika ghafla.

"Bado?" Gaston aliita.

"Endelea!" Falonne alijibu, sikio mlangoni.

Mbao zikalia tena, safari hii zikipanda. Mlango ukalegea mkononi mwake.

Cédric alikuwa ameketi kitandani, nywele nyeupe kwa chokaa, akitafuna kipande cha plasta ya dari.

Falonne alimtoa kile kipande mdomoni kwanza. Akambeba hadi uani. Ndipo akaketi chini ya nepi zilizoanikwa, akaanza kumpangusa chokaa.