Hongera ya Ijumaa

Mwaka tisini na tano nilikuwa nimemaliza fomu foo, niko tu nyumbani Igoma, kazi yangu kuzurura stendi ya Buzuruga. Ndipo nikapata wiki moja ya majaribio kwenye karakana ya pampu za visima. Mwenye karakana ni Mjerumani, Bwana Uwe. Ijumaa ndiyo angesema nabaki au naondoka.

Wa kunielekeza alikuwa Dale, Mmarekani. Huyu aliwahi kukaa Ujerumani miaka mitatu, halafu akafundisha Sengerema, Kiswahili anakipiga vizuri tu. Tukiwa tunafungua pampu ananipa habari, ananiita Ngosha kama Wasukuma wanavyomwita mwanaume.

"Ngosha, wale watu, barabara haina gari hata moja, lakini taa nyekundu ikiwaka wanasimama. Mimi nikavuka. Bibi mmoja akanigombeza kama mama yangu."

"Kisa?"

"Eti watoto wataniona. Watoto wenyewe hawapo!"

Akaniambia Jumapili ukiosha gari jirani anakuja kulalamika. Na Mjerumani akikwambia kazi yako mbaya, hajakuchukia, anakupa taarifa tu. "Utani sasa! Anakutania uso umekaza kama yuko msibani. Mwaka mzima sikujua nicheke wapi."

Kweli, siku zote zile Bwana Uwe aliniambia maneno mawili tu: "Hapana" na "Tena."

Alhamisi Dale akasema Jumamosi bosi anatimiza hamsini, na kwao mwenye siku yake ndiye ananunua keki. Nikaona nafasi yangu hiyo. Jumamosi hatufungui, kwa hiyo Ijumaa mchana nikawakusanya mafundi. Mzee Shimba, fundi wa siku nyingi pale, akaanzisha wimbo, tukapiga makofi, nikatoa na mkono.

"Hongera bosi kwa miaka hamsini!"

Bwana Uwe akabadilika rangi. Mkono hakuupokea.

Dale akanivuta pembeni. "Umeharibu! Kwao kumpongeza mtu kabla ya siku yenyewe ni mkosi. Kosa langu, nilikwambia ya keki tu."

"Sasa ndiyo unaniambia? Si kazi imeshakwenda hiyo!"

Mzee Shimba akaguna. "Kijana, umemloga mzungu mchana kweupe."

Bosi akaja. Hacheki, hajanuna. "Nikifa leo, hakuna kazi. Nisipokufa, Jumatatu saa moja."

Akaondoka. Dale akacheka mpaka akakaa chini.

"Huo ulikuwa utani," akasema. "Na kazi umepata."

"Vyote viwili?"

"Vyote. Ila asife."

Jumamosi nilikaa roho juu. Jumapili kanisani mama akanisukuma kiwiko. "Unaomba nini muda wote huo?"

"Namwombea Mjerumani, mama."

"Umeanza lini kuwaombea watu, wewe?"

Jumatatu nikamkuta bosi getini, mzima, Dale yuko nyuma yake. Akanirushia ovaroli.

"Sijafa," akasema. "Vaa."

Nikavaa haraka haraka, mikono imezidi. "Shikamoo bosi. Sasa naruhusiwa kukupa hongera?"

"Umechelewa siku mbili."

Uso umekaza vile vile. Nikamgeukia Dale anionyeshe, nicheke au niombe radhi.