Siku Walipolima Malisho ya Mabala

Nyumba! Nyumba za makarani wa pamba, tena juu ya ngitili yangu! Niliposikia hivyo nilitema mate chini.

Ngitili ni malisho tunayoyafunga masika yote, ili kiangazi kikiuma ng'ombe wapate nyasi. Yangu ilikuwa pembeni mwa kijiji chetu, Buswelu, na aliyeitegemea alikuwa Mabala, ng'ombe wangu wa pekee. Maziwa yake ndiyo yaliyomlea mjukuu wangu Mhoja tangu binti yangu alipofariki akijifungua. Bila nyasi hakuna maziwa. Ningempa nini yule mtoto, jamani?

Barazani, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alisema pale ni patupu. Mjenzi wake, Bwana Ramniklal, alikwisha kuchomeka vigingi. Nikasimama.

"Patupu? Kichwa cha nani ndicho kitupu?"

Mkalimani aliogopa kutafsiri. Mzee Nkwabi, mwanangwa anayetuongoza kijijini, akanivuta kaniki. "Kaa chini, Paskazia, utatufungisha sote!"

"Sikai! Bwana, si wewe uliyetangaza kwamba shamba lililolimwa haliguswi mpaka pamba ivunwe?"

"Ni mimi," akajibu. "Lakini hapo hapajalimwa. Kesho kutwa tunachimba msingi."

Nilitoka mbio. Nikamwita Chenge, kiongozi wa Wagika, wale wanaolima kwa ngoma. Nikamwambia walime mbele tu, penye vigingi. Nyuma wamwachie Mabala. Kisha nikaona watu hawatatosha, nikawaita na Wagalu, kundi la Masalu. Hapo ndipo nilipojiponza. Msukuma gani asiyejua kwamba Wagika na Wagalu hawakutani bila kushindana?

Kulipopambazuka ngoma zikalia. Weee! Majembe yalipanda na kushuka, vumbi likatufunika.

"Wagalu, mnalima au mnajikuna?" Chenge akapiga kelele.

"Tazameni migongo yetu, maana nyuso hamtaziona tena!" Masalu akamjibu.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nilipokumbuka nyasi, walikwisha kupita vigingi zamani.

"Basi! Basi, jamani!"

Nani alisikia? Walilima nyuma, wakalima njia, wakalima mpaka mlangoni pa jiko la Nkwabi. Halikubaki jani.

Ramniklal alifika na mikokoteni ya mawe. Akashika kiuno, akacheka. "Mama, umeniweza. Mimi najenga kule Kirumba." Kijiji kizima kikaruka kwa shangwe. Mimi nikakaa kwenye udongo nikalia, na Mabala kando yangu ananusa mavumbi.

Chenge akaja, jasho likimtiririka. "Shikamoo, bibi. Unalia nini, na tumeshinda?"

"Marahaba. Mabala atakula ushindi?"

Jioni akarudi na mzigo wa nyasi mbichi kutoka ufukweni mwa ziwa, akautua mbele ya Mabala. Nikafuta machozi. Ng'ambo ya ua nikamwona Masalu anapita, jembe begani.

"Masalu, baba! Njoo uone mzigo wa Wagika. Wanasema Wagalu hata nyasi hamwezi kukata!"

Chenge hakusema hivyo, Mungu anisamehe. Lakini asubuhi nilishindwa kufungua mlango kwa mizigo ya Wagalu, na kabla ya adhuhuri Wagika wakaleta mikubwa zaidi. Mpaka mvua zilipokolea sikukata hata unyasi mmoja, na Mhoja alikuwa akicheua maziwa kifuani pangu.