Mchango wa Bibi Dorkas

Kombe hukaa juu ya kabati ofisini kwa mwalimu mkuu, limefunikwa kitambaa cha kufuma alicholetewa na mke wake. Mgeni akija, kitambaa kinatolewa. Akiondoka, kinarudishwa. Ukutani pembeni yake kuna cheti changu ndani ya fremu: Mwalimu Faraja, mwalimu bora wa Kiswahili. Na juu ya vyote hivyo imebandikwa manila yenye maneno mawili kwa wino mwekundu: ASILIMIA MIA.

Vyote tulivipata mwaka jana, kwenye hafla ya tuzo za elimu kule mjini Same. Watoto wetu wote waliofanya mtihani wa darasa la saba walifaulu, wakati shule yetu iko huku juu milimani, Mamba, ambako mvua ikinyesha hata bodaboda wanakataa kupanda. Nilipoitwa jukwaani nilikwenda nikitazama viatu vyangu, nikapokea cheti kwa mkono wa kushoto kwa woga, ukumbi mzima ukacheka. Mimi ndivyo nilivyo. Hata kuomba chumvi kwa jirani hunichukua muda.

Siku ile ile wakuu wa shule zilizoshika mkia waliambiwa wasimame. Walisimama mmoja mmoja, watu wazima wenye mvi, majina ya shule zao yakisomwa kwenye kipaza sauti, na watu wakaguna. Tukiwa njiani kurudi, kombe limepakatwa kama mtoto, Mwalimu Hezroni, mkuu wetu, alisema, "Mmewaona wale? Mimi pale sisimami. Bora nife."

Tulicheka. Nilidhani ni maneno ya furaha.

Mwaka huu nilipewa tena darasa la saba, na ndani yake alikuwamo Victoria. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, mikono yake imekakamaa kwa kuosha tangawizi, maana alikuwa akiishi na bibi yake peke yao na siku za soko hakuwa akija shule. Mwezi wa pili nilimpa kitabu asome, akakishika, akanitazama, akaanza kuniambia hadithi ya picha aliyoiona kwenye ukurasa. Hakujua kusoma. Alifika darasa la saba kwa kukariri na kwa kukaa kimya, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu mtoto aliyekaa kimya hasumbui mtu.

Basi tukaanza. Kila jioni wenzake wakiondoka, sisi tulikaa kwenye baraza la darasa jipya ambalo lilikuwa halijaezekwa. Tulianza na maneno anayoyajua: jembe, gunia, tangawizi, kengele. Kuna wiki alilia. Kuna wiki nililia mimi, nikiwa nimeshafika nyumbani. Mwezi wa nane alisoma hadithi nzima ya kuku aliyeibiwa mayai, kidole chake kikifuata mstari, na kabla sijafika mahali pa kuchekesha akaanza kucheka. Alikuwa amenitangulia. Amesoma mbele yangu, akaelewa, akacheka. Kama kuna siku nilistahili cheti ni ile, na hakukuwa na mtu pale isipokuwa sisi wawili na mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji.

Siku moja kabla ya mtihani, darasa la saba walikuja kupanga madawati na kubandika namba zao. Victoria hakuonekana. Nikamuuliza Mwalimu Chande, mwalimu wetu wa taaluma, ambaye hawezi kuongea bila mzaha.

"Victoria wako?" akasema. "Huyo yuko kwenye msaragambo, bibie. Mwache ajenge taifa."

"Msaragambo gani leo? Kazi za kijiji hufanywa Jumamosi."

"Msaragambo wa bibi yake." Akacheka, halafu alipoona sicheki akajifanya anatafuta gundi. "Kamuulize mkuu. Mimi sijasema kitu."

Sikwenda kwa mkuu. Ningefika mlangoni nikasema shikamoo na kurudi. Nilikwenda kwa Bibi Dorkas.

Nilimkuta ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha mbele, imevimba kama kawaida yake. Victoria alikuwa nyuma ya nyumba anaosha tangawizi kwenye beseni. Aliponiona akainamisha kichwa, akaendelea kuosha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Umekuja kunishukuru?"

"Kukushukuru kwa nini, bibi?"

"Si kwa ule mchango wangu!" Akatabasamu, na yale meno yake machache yakaonekana. "Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, na sukari kilo nzima. Mtu mkubwa yule, kuja mpaka huku kwangu! Akaniambia, bibi, kila kaya imebeba mawe ya lile darasa, kasoro yako. Nikamwambia, mwalimu, unaiona hii miguu? Najua, akasema, ndiyo maana nimekutafutia mchango unaouweza. Victoria abaki nyumbani hizo siku mbili za mtihani. Tutakuhesabu umebeba."

Nilimsikia, lakini ilinichukua muda kuelewa.

Huku kwetu milimani msaragambo si jambo la hiari. Barabara, mfereji, zahanati, madarasa, vyote vimetoka migongoni mwa watu. Kaya isiyotokea huja kuchukuliwa jembe au kuku, na hiyo si kitu. Kitu ni kwamba siku ya msiba wako watu wanakumbuka. Bibi Dorkas alikuwa amekaa mlangoni mwaka mzima akiwaona majirani wakipita na mawe kichwani, wengine wazee kama yeye, na kila aliyepita alikuwa anamsalimia, na kila salamu ilikuwa inamchoma. Mwalimu Hezroni alilijua hilo. Amezaliwa kijiji cha pili kutoka hapo. Alijua kabisa mahali pa kushika.

"Alikwambia kwa nini abaki?" nikauliza.

"Akasema mtoto hawezi. Akifanya ataangusha wenzake wote, shule itaaibika. Sasa mimi niaibishe shule waliyoijenga watu?"

"Bibi, anaweza. Anasoma. Hujamsikia?"

"Nimemsikia. Ananisomea Biblia usiku, polepole." Akaivuta kanga yake mabegani. "Lakini mwalimu mkuu ndiye anayejua."

Mimi nikikasirika, machozi hutangulia maneno. Yalitoka pale pale, nikayafuta na kanga.

"Bibi, watu wametoa mawe. Wewe umeambiwa utoe mtoto. Hukuombwa mchango, umedanganywa. Mtihani huu akiukosa, ndiyo basi, atakaa kwenye beseni hilo. Na kwenye hafla watasema watoto wote waliofanya wamefaulu, kwa sababu yeye hakufanya. Kombe litarudi kwenye kabati. Watalifunika kitambaa."

Bibi Dorkas alitazama miguu yake. Mwishowe akasema, "Mtoto akienda, mimi nitakuwa nimekula mchango wa watu. Na sukari nimeshaikoroga."

Nikaondoka. Victoria alikuwa ameacha kuosha. Hakuniaga.

Njiani ndipo nilipomkumbuka Abubakari. Mwaka jana, mvulana wa dawati la nyuma, mpole, mgumu wa kusoma. Asubuhi ya mtihani niliambiwa ameshikwa na malaria. Nilimpelekea machungwa jioni ile, nikamkuta anacheza mpira wa makaratasi, nikafurahi kwamba amepona haraka. Nilisimama katikati ya njia, watu wa kutoka shamba wakanipita wakinisalimia, nami sikuweza kuitikia. Kile cheti. Fremu ile. Nilikwenda jukwaani nikatabasamu.

Sikulala vizuri, na kulipokucha hasira ilikuwa bado ipo, safi kabisa.

Siku ya mtihani sisi walimu wa shule haturuhusiwi kuingia. Wasimamizi hutoka shule nyingine, na askari anakaa getini. Mkuu peke yake ndiye huwa pale kuwakabidhi watoto. Nilisimama nje ya geti, upande wa barabara, nimejifunga kanga kwa baridi, nikitazama njia inayotoka kwa Bibi Dorkas. Watoto walikuwa wameshapangwa mstari. Mtihani wa kwanza ulikuwa Kiswahili.

Wakaanza kuitwa majina. Ndipo nikamwona Victoria anakuja mbio, sare yake imeloa maji ya kufuliwa jana, penseli mkononi.

"Bibi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Anakuja. Kasema nisimsubiri."

Nikamshika mkono tukaenda getini. Msimamizi, mama mmoja wa makamo kutoka shule ya tambarare, alikuwa amefika kwenye jina lake, analirudia mara ya pili.

"Huyo anaumwa," Mwalimu Hezroni akasema. "Tumeshapata taarifa kutoka kwa familia."

"Haumwi," nikasema.

Nilisema kwa sauti ndogo. Askari peke yake ndiye aliyenisikia, akageuka. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, ikapasuka katikati. "Haumwi! Yuko hapa. Ameletewa sukari ili asije!"

Watoto wote wakageuka. Mwalimu Hezroni alikuja getini kwa hatua za haraka, akitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Mwalimu Faraja, huruhusiwi hapa."

"Siingii. Anaingia yeye."

Akaniinamia. "Unajua unachokifanya? Unataka nisimamishwe mbele ya watu kama wale? Nimefundisha tangu wewe hujazaliwa."

"Abubakari naye ulimpa sukari?"

Tabasamu likafutika usoni mwake. "Na hicho cheti chako," akasema taratibu, "unadhani kilitoka wapi? Kwa Kiswahili chako kizuri? Nimekubeba, binti. Kuwa na shukrani."

Nilikuwa nalia sasa, waziwazi, mbele ya askari na watoto na wageni, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona aibu. "Basi kitoe ukutani," nikasema. "Kitoe leo. Au nitakitoa mwenyewe, na nitaeleza kila atakayeuliza kwa nini pale pana msumari mtupu."

Msimamizi alikuwa ameshatufikia. Hakuuliza chochote kuhusu sukari. Alimtazama Victoria kuanzia sare iliyoloa mpaka penseli.

"Wewe ndiye Victoria?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Unaumwa?"

Victoria akanitazama, akamtazama mkuu. "Hapana, mwalimu."

"Jina lako lipo na mlango haujafungwa. Panga mstari." Kisha akamgeukia Mwalimu Hezroni. "Na wewe, mkuu, tutazungumza baadaye. Nitaiandika hii kwenye taarifa yangu."

Victoria akapita katikati yetu. Hakugeuka nyuma. Nilimwona akiingia darasani, lile jipya, waliloliezeka mwezi uliopita, akatafuta dawati lake kwa kusoma namba moja baada ya nyingine, kidole kikifuata. Mlango ukafungwa.

Tulibaki watatu getini, mkuu, askari na mimi. Mwalimu Hezroni alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. "Akifeli?" akasema. "Eh? Akifeli utasema nini?"

"Nitasema amefeli. Nitasema alifanya mtihani, akafeli, na mimi ndiye niliyemfundisha."

Akafungua mdomo kujibu, lakini askari akasema, "Mzee, angalia kule."

Bibi Dorkas alikuwa anapanda njia. Alipiga hatua moja, akasimama, akapiga nyingine, fimbo mkono mmoja, na mkono mwingine umeshika jiwe kichwani juu ya kata ya nguo. Halikuwa jiwe kubwa. Mtoto wa darasa la nne angelibeba. Nilimkimbilia kumpokea, akanikwepa.

"Niache. Ukilishika, litakuwa lako."

Akafika getini. Miguu yake ilikuwa imepasuka, vumbi limeganda penye damu. Mwalimu Hezroni akasema, "Shikamoo, bibi," kwa mazoea tu, maana huwezi kumwona mzee usimwamkie.

Hakuitikia. Sijawahi, tangu nije huku, kumwona mzee akiacha salamu ianguke chini namna ile. Askari akafungua geti bila kuambiwa. Bibi akapita mbele ya darasa walimokuwa watoto, kimya kabisa ili asiwasumbue, akaenda mpaka ofisini, akalitua jiwe kizingitini, katikati ya mlango, mahali ambapo mtu hawezi kuingia bila kuliruka.

Kisha akafungua ncha ya kanga yake, akatoa kifuko cha sukari iliyobaki, ile ambayo hakuwa ameikoroga, akakiweka juu ya jiwe.

"Mchango wa kaya yangu ni huu," akamwambia Mwalimu Hezroni. "Nihesabu."

Matokeo bado hayajatoka. Cheti nimekishusha, msumari upo. Mkuu amepeleka jina langu nihamishwe, na Mwalimu Chande ameniambia bila mzaha wowote kwamba huenda nikapelekwa mbali. Jiwe lipo pale pale. Mara mbili limeondolewa, na mara zote mbili asubuhi tumelikuta limerudishwa kizingitini, wala si bibi anayelirudisha, kwa sababu miguu yake tangu siku ile haijamtoa nje ya mlango.