Mtoto Hachezi

Dokta Elikana alikuwa daktari mzuri. Naliweka hilo mbele kwa sababu nitamsema vibaya, na sitaki mtu adhani nina chuki naye. Mvua ikikata barabara alivaa gambuti akaja kwa miguu, na wagonjwa wa kituo chetu cha afya walimpenda. Wengine wakimkosa walirudi nyumbani na maumivu yao kumsubiri kesho.

Alichotaka ni kwenda Uingereza. Sisi tulimtania kwamba Ulaya si mbali, ni kata tu huku huku Kilosa, bodaboda inafika. Alicheka mara ya kwanza. Kilichomkwamisha ni mtihani wa Kiingereza wa madaktari, ile sehemu ya kuongea. Unapewa kadi yenye habari za mgonjwa, mtu anajifanya ndiye huyo mgonjwa, nawe una dakika tano za kuongea naye. Alikuwa ameanguka mara mbili. Miaka mitano ya chuo alisomeshwa kwa Kiingereza, akafanya mitihani yote kwa Kiingereza, halafu anaambiwa hajui kuongea na mgonjwa. Hilo liliniudhi kwa niaba yake.

Ndiyo maana nilikubali kuwa mgonjwa wake wa mazoezi. Naitwa Joha, ni mhudumu wa afya, nimeishia kidato cha nne na Kiingereza nilipata D. Baada ya chakula cha mchana tulikaa kwenye benchi, mimi nikawa na kisukari, kesho yake nikawa na mguu uliovunjika. Nilipokosea hakunisahihisha. Alisema hata huko wapo wagonjwa wenye Kiingereza kibovu, acha azoee.

Kisha akatuwekea siku za Kizungu, Jumanne na Alhamisi. Siku hizo ukimsemesha Kiswahili alijifanya hasikii. Ukimtumia ujumbe wa Kiswahili alijibu maneno mawili: "English please." Tulinung'unika, lakini tuliogopa kuonekana washamba, basi tukaandika hivyo hivyo kwa kubabaisha.

Ilikuwa Alhamisi. Tabibu anayemsaidia Dokta alikuwa kwenye semina Kilosa mjini, na Sista Katarina, mkunga wetu, alikuwa ameondoka na gari la wagonjwa kumpeleka mama mmoja Morogoro. Dokta alipita wodini asubuhi. Alisimama kwenye kitanda cha Brayan, mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa na malaria kali, ametundikiwa dripu, amelegea. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha Alhamisi nimwangalie huyu, na nimjulishe kama anacheza au hachezi. Neno alilotumia ni "play". Nililishika vizuri.

Akapanda bodaboda kwenda Mikumi. Kwetu mtandao unasuasua, na kule kuna gesti yenye intaneti ya nguvu kwa ajili ya wageni wa mbugani. Alikuwa na kipindi na mwalimu wake wa mtandaoni, saa saba hadi saa tisa. Haikuwa ruhusa, ilikuwa mazoea, na sote tuliyafumbia macho.

Mwanvua alifika saa saba na robo akitokea Kisanga. Msichana wa miaka ishirini na mbili, mimba ya kwanza, mwezi wa tisa. Aliteremka kwenye bodaboda taratibu, ameshika kiuno.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Kuna nini, mama?"

"Mtoto hachezi. Tangu jana jioni hachezi vizuri. Leo amecheza mara moja tu, alfajiri."

Mimi si nesi, ila nimezaa watatu, na hakuna aliyezaa asiyeijua sentensi hiyo. Nikamlaza ubavu wa kushoto kwenye chumba cha wazazi. Akauchukua mkono wangu akauweka tumboni, akaubana pale. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha nikasikia kitu kikisukuma kidogo chini ya kiganja changu, kama mtu anayegeuka usingizini.

"Yupo," nikamwambia. "Umemsikia? Yupo."

Mwanvua alifumba macho akashukuru Mungu.

Nilimpigia Dokta mara mbili, simu ikaita mpaka ikakata. Nikaandika ujumbe. Nilitafuta maneno, nikalikumbuka lile la asubuhi, nikafurahi kwamba ninalo: "Doctor, baby not playing." Niliusoma tena kabla ya kutuma nikauona umekaa sawa. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Jibu lilikuja baada ya dakika chache. "Give fluids. Coming after class." "Fluids" nililijua, linaandikwa kwenye mafaili kila siku, ni maji. Nikamletea Mwanvua maji vikombe viwili, na chai ya rangi juu yake. Alikunywa yote kwa utii. Ningeweza kupiga tena. Ningeweza kuandika Kiswahili na kujibiwa yale maneno mawili. Lakini daktari ameshasema anakuja, na mimi ni nani?

Kama saa nane na nusu Mwanvua aliniita. "Nesi, maji yamemwamsha kidogo, sasa ametulia tena." Nikamwambia ni vizuri, apumzike.

Dokta aliingia saa tisa na nusu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Brayan. Brayan alikuwa amekaa, anavuta mpira wa dripu na kucheka na mama yake.

"But he is playing," Dokta akasema.

"Si huyu," nikamjibu kwa Kiswahili.

Alinitazama. Nikamwonyesha kwa mkono, chumba cha wazazi, na nikaona uso wake unaelewa kabla hajafika mlangoni. Alikimbia. Aliweka ile baragumu ya kusikilizia mapigo ya mtoto upande mmoja wa tumbo, akahamisha, akahamisha tena. Mara ya tatu alibaki ameinama muda mrefu bila haja. Mwanvua alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia yupo.

Alijifungua kesho yake mchana. Mtoto wa kiume, kilo tatu, hana kasoro yoyote, amekufa. Mama mkwe alimfunga kwenye kanga wakaondoka naye.

Walipoondoka, Dokta alinifuata kwenye kochi la mapokezi na simu yake mkononi.

"Joha, kwa nini hukuandika Kiswahili?"

"Ilikuwa Alhamisi," nikasema.

Akaitia simu mfukoni.

Wiki iliyofuata tulikaa kikao cha kujadili kifo. Fomu ina mahali pa kuandika sababu ya kuchelewa kwa huduma. Dokta aliandika kwa mkono wake, kwa Kiingereza kisafi, kwamba mama alichelewa kufika kituoni. Hakuna aliyeuliza. Mimi nilisaini kwenye orodha ya waliohudhuria, nikanywa soda yangu.

Baada ya miezi miwili alikwenda Dar kufanya mtihani mara ya tatu. Matokeo yalipotoka alikuja kukaa nami kwenye lile benchi. Amepata A sehemu ya kuongea. Nikampongeza. Akasema kadi ya pili ilikuwa ya mjamzito mwenye wasiwasi, mtoto hachezi tumboni.

"Ukafanyaje?"

"Nilimwuliza yote, Joha. Tangu lini, mara ngapi. Nikamwambia aje sasa hivi, asisubiri hata dakika moja. Msahihishaji akaandika, akaandika."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mimi sikuwa na huruma ya kumpa siku hiyo.

"Wao wanasemaje?" nikauliza. "Mtoto akicheza tumboni."

"Wanasema 'move'."

"Move," nikarudia. "Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo tu."

Aliondoka mwezi wa nane. Siku hizi ananiandikia kwa Kiswahili, hata Alhamisi. Sijamjibu.

Juzi Mwanvua amerudi. Nimemkuta nje ya geti kabla sijafungua, amekaa juu ya kanga yake, umande bado uko kwenye majani. Ana mimba ya miezi mitatu.

"Shikamoo, nesi. Nimewahi. Safari hii sitachelewa tena."

"Marahaba." Funguo zilinishinda, nikaziacha kwenye kufuli. "Mwanvua, hukuchelewa."

"Nilichelewa. Ndivyo walivyomwambia mume wangu, na mama mkwe ananikumbusha kila siku."

"Ulifika akiwa hai. Nilimsikia kwa mkono huu."

Aliutazama mkono wangu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa kama sikuchelewa, ilikuwaje?"

Nilitoa simu. Ujumbe sijaufuta, wangu na wa Dokta, unafuatana. Nikampa. Aliushikilia karibu na macho, akautazama, akanirudishia.

"Mimi Kiingereza sijui, nesi. Nitafsirie."

Nikakaa chini karibu naye, nikaanza na ule wangu.