Mara Saba Hajambo

"Mgonjwa anasema hajambo," wakili wa kampuni alisoma kwenye cheti cha daktari, akafunua ukurasa. "Mara ya pili, hajambo. Mara ya tatu, hajambo." Alifika mpaka ya saba bila haraka, kisha akavua miwani. "Mzee, haya ni maneno yako?"

Mzee Bati alikuwa kizimbani, mikono yote miwili imeng'ang'ania ukingo wa mbao. Kiti alikikataa. Mimi niliyekuwa wakili wake nilijua sababu: akikaa, hainuki bila mkewe.

"Ni yangu."

"Ulikuwa unamdanganya daktari?"

Akanigeukia. Uso ule ninao mpaka leo.

Miezi kumi kabla ya siku hiyo aliingia ofisini kwangu akiegemea bega la mkewe. Alikuwa fundi wa mapaa, miaka thelathini juu ya nyumba za watu, mpaka jukwaa la kampuni lilipokatika chini ya miguu yake. Nikamwamkia, nikamuuliza habari.

"Njema kabisa, mwanangu," alisema, jasho likimtiririka kwa ngazi kumi na mbili tu. Akatazama juu. "Ila hii dari yako. Fundi wake alikuwa anakimbilia wapi?"

Nilicheka. Mkewe hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, anamfunga kamba za viatu.

Walichotaka ni kimoja: mgongo upasuliwe, atembee tena. Hospitali ilisema inawezekana, mradi isichelewe, na wao hawakuwa na uwezo huo. Kampuni ilisema amekwisha kupona, tena ina cheti cha daktari wa kampuni aliyempima mara saba. Kesi nzima ikawa hapo: anaumwa, au haumwi?

Nilimfundisha kila kitu. Amtazame hakimu. Asibishane. Asilolijua aseme halijui. Cheti kile nilikisoma mara nne, na zile hajambo saba niliziona kwa macho yangu, nikazipita. Ningeshtuka vipi? Ndivyo tunavyojibu sote. Mama yangu alinijibu hivyo hivyo wiki aliyokufa, nami nikakata simu nimeridhika.

"Mimi si mwongo," Mzee Bati alisema. "Yule daktari kijana kaniamkia kwa adabu, kaniuliza hujambo. Sasa mtu akikuuliza hujambo, unamtapikia shida zako zote?"

Watu wakacheka. Hata hakimu alitabasamu, halafu akainama akaandika.

Ilipofika zamu yangu ya kumuuliza tena, nilisimama nikiwa na matumaini bado. Nilimwomba aieleze mahakama anavyoumwa. Akawatazama majirani, akawatazama mafundi wenzake waliojaa kwenye mabenchi, wale aliokuwa akiwaita walegevu kwa sababu ya malalamiko yao ya jua.

"Kidogo," alisema.

Kesi ilitupwa. Hukumu ilisema picha za mifupa tulizoleta ni za zamani, na kwamba hakuna aujuaye mwili kuliko mwenyewe. Rufaa nayo ikatupwa. Mzee Bati ndiye aliyenifariji mimi. "Usijitese, mwanangu. Umejitahidi." Niliona aibu mpaka nikashindwa kumpa mkono.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala chali, macho kwenye mabati aliyoyapiga mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Sikumuuliza habari.

"Mzee, inauma wapi?"

Aliyaacha mabati, akanitazama. Kisha akasema, "Toa kalamu."

Alianzia kisiginoni. Alieleza baridi inayopanda mguuni, chafya anayoiogopa kuliko kitu chochote, shuka anazolowesha. Alieleza anavyojifanya amelala ili mkewe naye apate usingizi. Alisema bila kulia, kama fundi anayetaja vipimo, akinisubiri pale nilipoachwa nyuma. Nilipoinua kichwa nikamwona mkewe mlangoni na kikombe cha chai. Hakuwahi kusikia hata neno moja kati ya hayo. Alisimama pale mpaka chai ikapoa.

Niliandika yote, ingawa hapakuwa tena na mahakama ya kuyapeleka.

Mkewe alinisindikiza hadi barabarani. Jirani mmoja akapita na ndoo yake.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

Mkewe akafuta macho kwa kiganja.

"Hajambo," alisema.