Debe Lisilopungua

Kitendawili! Umesema tega? Haya: kila siku nachota, kila siku kiko palepale. Usiniambie kisima, kisima chetu cha Kibuta hukauka, nimekiona kwa macho yangu. Fikiri taratibu, huku nikikusimulia habari za Mwanamkuu, maana kitendawili hiki kilimkosesha raha siku nyingi.

Ilikuwa miaka ya vita vya Hitla, nguo hazipatikani, chumvi inatafutwa kama dawa. Lakini ungeingia jikoni kwa Mwanamkuu, ungedhani vita havijafika. Juu ya mafiga, uchagani, makopa ya muhogo yamekaushwa kwa moshi hadi yanagongana kama vigae. Kunde zimo mtungini, zimechanganywa na majivu mdudu asitie mguu. Nazi zimepangwa ukutani, papa mkavu ananing'inia. Na pembeni, limefunikwa ungo na jiwe juu yake, debe la mchele. Mwezi wa mfungo ulikuwa bado kuandama, zimebaki siku ishirini na kidogo.

Siku alipolijaza alimwita mkwe wake Sikuzani, binti wa kijiji cha Mzenga, aliyeolewa na mwanawe Shomari miezi miwili nyuma. Akamwonyesha kila kitu na mahali pake.

"Jioni kibaba kimoja, basi. Debe hili likifika nusu kabla ya mwezi kuandama, mtu atafunga virago arudi kwao!" Akacheka mwenyewe.

"Ndiyo, mama," akaitika Sikuzani.

Mwanamkuu akaenda kufukuza kuku, maneno yale akayasahau. Asichosahau ni mkaa: ndani ya debe alichora mstari pale mchele ulipofika. Ndivyo alivyozoea.

Siku ya tano akafunua. Mchele uko mstarini. Akasugua macho. Siku ya tisa akafunua tena: mstarini! Na wali wanakula kila jioni.

Asubuhi ile ile jirani yake Mboni akaja analia. "Shoga, mchele wangu unayeyuka! Juzi debe lilijaa, leo nagusa chini. Wako je?"

"Upo," akasema Mwanamkuu, akakalia kigoda mbele ya debe.

"Huyu mkwe wako katoka wapi vile?"

"Mzenga."

"Ahaa," akasema Mboni. "Mimi sisemi mtu. Ila kuna watu wana dawa ya chuma ulete. Wamekaa kwao, chakula cha jirani kinawafuata chenyewe."

Ahaa ile ikamwingia Mwanamkuu kama mwiba wa samaki. Tangu hapo kila alichofanya Sikuzani kilikuwa na jambo. Akipepeta huku midomo inachezacheza, anasoma nini? Na lile fundo pembeni mwa kanga, limefungwa nini? Wali wenyewe Mwanamkuu akawa anautafuna upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayeogopa jiwe. Shomari alikuwa kibarua wa mkonge huko upande wa Mlandizi, na Ijumaa angerudi. Mama akaazimia: Ijumaa hiyohiyo mwanawe amrudishe mwanamke huyu kwao, kabla majirani hawajaja na marungu.

Alhamisi akatia mkono debeni. Vidole vikagusa chenga. Chenga! Mchele wake aliuchagua mwenyewe, punje nzimanzima. Basi kweli ulikuwa unatoka nje.

Baada ya adhuhuri akajilaza mkekani, akajikoromesha. Sikuzani akatoka kwa kunyata. Mama naye nyuma, hadi uani kwa Mboni, kunakosikika mchi. Akachungulia penye makuti. Sikuzani anatwanga mpunga, jasho linamtiririka, na mama yake Mboni, Bibi Mwanamvua, amekaa kigodani.

"Twanga, mwanangu! Mboni akirudi shamba akute kinu kimelala."

Mwanamkuu akajitokeza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumchukua mwali wako? Ngoja nimlipe kwanza." Bibi akachota kibaba katika debe la Mboni, akakimimina kwenye kanga ya Sikuzani. "Mikono yangu imekufa, na Mboni kila siku mgongo, mgongo. Huyu ndiye mkombozi wangu. Ila usimwambie Mboni, yeye anadhani ni chuma ulete."

Mwanamkuu hakucheka. Dawa haikuwapo, sawa. Lakini mke wa mtu kuwa kibarua kwa siri, kwa nini? Anaweka akiba atoroke? Au anamtangaza mama mkwe kwamba anamnyima chakula?

Walirudi nyumbani. Jikoni, Sikuzani akafungua fundo, akamwaga mchele debeni, akausawazisha kwa kiganja mpaka ukagusa mstari wa mkaa. Hapo ndipo Mwanamkuu alipokiona kile kiganja: malengelenge, mengine yamepasuka.

"Kwa nini, Sikuzani?"

Sikuzani akaokota punje zilizodondoka.

"Kwangu umekosa nini? Kesho mumeo anakuja, nilishaazimia nimwambie akurudishe kwenu. Sema, kwa nini?"

Sikuzani akafunika debe kwa ungo, akaweka na jiwe lake juu, kama alivyofundishwa. Machozi yakamdondoka.

"Ulisema mwenyewe, mama. Likifika nusu, nirudi Mzenga. Nami kwangu nimeshapaona ni hapa."